Sepuka: Nenda Ukamjue Mwenzi Wako Kwao

Mna miaka mitano ya ndoa. Unajua mwenzi wako anapenda chai ya aina gani, anashabikia timu gani na akinuna anamaliza siku ngapi. Sawa. Lakini kwao unakujua? Sizungumzii ile siku ya kupeleka mahari, wala ile ya msiba mlipofika asubuhi na jioni mkawa barabarani. Nazungumzia kulala huko wiki nzima, kupika, kuteka maji na kuulizwa maswali.

Juni iliyopita mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulifunga safari kwenda Sepuka, mkoani Singida. Ni kwao mume wangu. Ajenda ilikuwa moja tu: kumshawishi mama mkwe ahamie kwetu Dar es Salaam. Tangu baba mkwe afariki, anaishi na mjukuu mmoja anayesoma shule ya msingi. Simu ikiita usiku, mume wangu anaruka kitandani kabla hajajua nani anapiga. Chumba cha mama tulikuwa tumeshakipaka rangi.

Njiani

Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, hivyo ule uchovu wa kukaa kwenye basi kutoka Dar umepungua sana. Tulishuka Dodoma, tukapanda basi linalopita Manyoni na Ikungi hadi Singida mjini. Ukiona madumu ya mafuta ya alizeti na matenga ya kuku wa kienyeji yamepangwa kando ya lami, ujue umefika mkoa wenyewe. Mjini tulilala usiku mmoja, watoto wakapata kuliona Ziwa Singidani na yale mawe makubwa yaliyobebana. Kesho yake tukachukua gari la kuelekea magharibi, njia ya Ndago, hadi Sepuka.

Sepuka ni kata ndani ya Wilaya ya Ikungi, na wenyeji wengi ni Wanyaturu. Zile nyumba za zamani za tembe, zenye paa bapa la udongo, siku hizi zimepisha bati. Juni ni wakati wa mavuno. Vichwa vya alizeti vimeanikwa uani, watu wanavipiga kwa fimbo, mbegu zinaruka, kisha zinapepetwa. Mbegu zinakwenda mashineni kukamuliwa mafuta, na mashudu yanarudi kulisha mifugo. Hakuna kinachotupwa.

Jioni ni ugali wa uwele na mlenda. Watoto wangu siku ya kwanza walikunja sura. Siku ya tatu waligombania sufuria!

Ghala la mama

Sasa nije kwenye kilichonipeleka. Siku ya pili mama mkwe alinichukua kuniongoza ndani ya stoo yake. Nilikuta mtama, uwele na mahindi, magunia yamepangwa hadi juu. Nikamwambia, "Mama, mbona chakula ni kingi na mko wawili tu?"

Akacheka. "Mwanangu, hiki si cha mwaka huu. Hiki ni cha mwaka ambao mvua haitakuja."

Singida mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikikosea, hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Mtafiti wa Kimarekani, Harold Schneider, alichapisha kitabu mwaka 1970 kuhusu uchumi wa Wanyaturu, na ndani yake anaeleza jinsi nafaka iliyozidi ilivyobadilishwa kuwa mifugo. Yaani ng'ombe ndiye alikuwa akiba ya benki.

Hapo nikamwangalia mume wangu kwa jicho jipya. Nyumbani kwetu Dar hapitishi mwezi bila gunia la mchele na dumu la mafuta ya akiba. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu kuna masika na vuli, muhogo uko shambani, nazi ziko juu. Mimi hela ikiingia naona kesho nyingine itakuja. Yeye anaona kiangazi. Kumbe ule ubishi wetu wa kila mwisho wa mwezi una mizizi mirefu kuliko mshahara!

Jibu la mama

Usiku wa nne tukazungumza. Mume wangu, ambaye kazini ni bosi wa watu, aliongea Kinyaturu taratibu kama mtoto anayeomba ruhusa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Hapa nisipotoka nje asubuhi, jua halijapanda mtu ameshakuja kugonga. Huko ghorofani kwenu, nyie mkienda kazini, nani atanigongea?"

Tulinyamaza. Mlango wa jirani yetu wa Dar nimeugonga mara ngapi? Afadhali nisihesabu.

Mama hakuhama. Tulikubaliana hela ya kile chumba ijenge tenki la maji ya mvua, na mama aje kwetu mwezi mmoja kila Agosti, mavuno yakiisha. Mume wangu bado analala na simu chini ya mto. Lakini sasa nikiliona gunia jipya mlangoni, nalisogeza stoo na maisha yanaendelea.

Kama nanyi mnapanga

Nendeni msimu wa kazi, si sikukuu tu. Mkipura alizeti pamoja, maneno yanatoka yenyewe.

Laleni angalau siku tano. Siku mbili za kwanza wewe bado ni mgeni.

Pangeni bajeti kabla ya kuondoka, ili ombi la ndugu lisigeuke ugomvi wenu wa chumbani.

Jifunze salamu za kwao. Ukikosea watacheka, na kicheko ndiyo mwanzo wa undugu.

Bebeni masweta. Usiku wa Juni Singida si mchezo.

Jambo likikukwaza, liweke hadi mko wawili njiani. Na siku za kurudi zikifika, muulize mwenzi wako swali moja: "Ukiwa mdogo hapa, ulikuwa unaogopa nini?" Halafu nyamaza, msikilize.