Birika la Mama na Kisanduku cha Fyuzi

Ndugu msomaji, salamu kutoka chini ya ardhi. Usishtuke, sijafa bado. Nimepanga chumba cha besimenti hapa Toronto, na kwa mwanafunzi hiyo ni bahati.

Nilipoondoka Tanga, mama alinifungashia birika la umeme. "Mwanangu, huko kuna baridi, chai usiikose." Basi bwana, asubuhi ya kwanza nikalichomeka kwa adapta, nikasubiri. Nikapiga mswaki, nikavaa, nikasoma kurasa nne, maji vuguvugu. Mkenya ninayeishi naye akacheka mpaka akakaa chini. "Hiyo birika yako imechoka na safari!"

Birika halikuchoka. Chini yake limeandikwa volti 240, wati 2000. Soketi za hapa zina volti 120. Volti zikiwa nusu, na mkondo unaopita kwenye koili ileile unakuwa nusu. Nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo nilikuwa nachemsha chai kwa wati 500. Adapta hubadilisha meno ya plagi tu, volti haizigusi. Na wewe unayefunga mizigo kwenda likizo, sikiliza: pasi ya volti 120 ukimpelekea shangazi Mombasa, itavuta joto mara nne ya ililotengenezewa. Hiyo si zawadi, ni msiba.

Tukanunua birika la hapahapa, la wati 1500. Januari ikaingia na baridi yake, tukaongeza na hita ya wati 1500. Kila tulipoviwasha pamoja, baada ya dakika moja au mbili, tap! Giza. Mwenzangu akasema, "Wewe si injinia? Weka breka kubwa zaidi, yaishe."

Nikamwita mbele ya kisanduku cha breka, nikamfundisha kama mwalimu wa fizikia kidato cha tatu. Wati 1500 kwa volti 120 ni ampea 12.5. Vifaa viwili ni ampea 25, na breka yetu ni ya ampea 15. Joto la waya halipandi sawasawa na mkondo, linapanda kwa mraba wake. Ndiyo kanuni aliyoieleza Joule mwaka 1841. Maana yake waya ulioko ndani ya ukuta ulikuwa unapata joto karibu mara tatu ya lile la ampea 15. Hatuuoni, lakini unaungua polepole.

Ndani ya breka kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Mkondo ukizidi, kinapata moto, kinapinda, kinafyatua swichi. Huyu ni mvumilivu, ndiyo maana tulipewa zile dakika. Wa pili ni koili ambayo mkondo huigeuza kuwa sumaku, jambo ambalo Ørsted aliligundua mwaka 1820 alipoona sindano ya dira inacheza karibu na waya wenye umeme. Ikitokea shoti, mkondo unaruka ghafla, sumaku inavuta, umeme unakatika kufumba na kufumbua. Joto linashughulikia ulafi, sumaku inashughulikia ajali.

Nikiwa katikati ya somo langu nikanyamaza, nikamkumbuka mjomba.

Nilikuwa darasa la sita. Nyumbani kwa mjomba fyuzi ilikuwa inakatika kila akiwasha friji na pasi pamoja. Fundi wa mtaani akaja, akatoa waya mwembamba wa fyuzi, akaweka waya mnene wa shaba. Fyuzi haikukatika tena, na fundi akasifiwa sana. Miezi kadhaa baadaye, usiku, dari likashika moto. Walitoka wote salama, Mungu mkubwa, bibi akiwa amebebwa mgongoni. Lakini nyumba iliisha. Fyuzi ni waya uliopangiwa kufa ili nyumba iishi. Ukiukataza kufa, kitakufa kingine.

Jioni ileile nikapiga simu nyumbani. Akapokea mdogo wangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hebu niambie, fyuzi za hapo nyumbani zinakatika?"

"Aa wapi! Fundi alizirekebisha mwaka juzi, hazijakatika hata siku moja."

"Hilo ndilo tatizo," nikamwambia, na moyo ukaanza kwenda mbio.

Kesho yake akamwita fundi mwenye leseni, wakazima meni swichi, wakafungua. Mlikuwa na waya mnene wa shaba, kama ule wa mjomba, na plastiki ya nyaya zilizo karibu ilikuwa imekwisha kuwa kahawia. Wameweka breka sasa. Mama analalamika kwamba umeme unakatika akipiga pasi huku anachemsha maji. Namwambia, mama, kipige kimoja kimoja.

Nimesoma umeme miaka mingi, nimekuja mpaka Canada kuongeza digrii, na sikuwahi kufungua kisanduku cha nyumbani kwetu. Ndugu msomaji, wikiendi hii ukipiga simu, baada ya salamu, uliza habari za fyuzi.

Lile birika la mama bado ninalo. Jumapili, nisipokuwa na haraka, nalichomeka, nasoma kurasa nne, kisha nakunywa chai.