Dirisha Namba Moja

Likizo ya Noeli iliyopita nilifika parokiani kwetu, chini ya Mlima Kilimanjaro, nikiwa na vitabu vitatu vya kusoma na nia njema ya kulala. Baba Paroko aliniacha nilale siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Misa ya asubuhi, aliniita sakristia. "Frateri, wewe si unajua kompyuta?"

Makarani wawili wa hospitali ya misheni walikuwa likizo, wa tatu amejifungua, na Sista katibu wa hospitali alikuwa anakaa dirishani yeye mwenyewe. Niliambiwa ni wiki moja tu. Nilitoka tarehe 4 Januari.

Asiyejua huku kwetu anaweza kudhani kwamba sikukuu hospitali hupumua. Ni kinyume kabisa. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, na pamoja nao huja magari, pikipiki na pombe. Majeruhi hawakosekani. Lakini wengi wanaojaza mabenchi ya mapokezi ni wazee. Mtoto hajamwona mama yake tangu Noeli ya mwaka jana. Anamkuta amevimba miguu, na kesho yake anampandisha garini kumleta hospitali, maana akisharudi mjini nani atamleta? Shule nazo zimefungwa, kwa hiyo wavulana wanaletwa kutahiriwa. Wote hao hupita dirisha moja, kabla ya kumwona daktari na baada ya kumwona.

Kazi yangu ilikuwa kufungua mafaili, kuhakiki kadi za bima, kupokea fedha na kuandika risiti. Ilikuwa pia kulitafuta faili lililoandikwa kwa jina la ubatizo wakati mwenyewe anajitaja kwa jina la ukoo. Usiku, watu wakipungua, ndipo zilianza fomu za madai ya bima: kila dawa, kila kipimo, sahihi ya mgonjwa, sahihi ya daktari. Fomu ikikosa sahihi, hospitali inaweza kujikuta imetoa dawa bure bila kukusudia, na mishahara ya wauguzi inategemea fedha hizo. Sikuwa nimewahi kufikiri juu ya hilo. Nilidhani hospitali ni madaktari.

Niliingia saa moja asubuhi na kutoka saa nne usiku. Masifu ya jioni niliyasali nikitembea kwenda kulala, na mara kadhaa sikufika zaburi ya pili. Kufikia wiki ya pili sikuwa nikiinua kichwa tena. "Namba ya faili?" Hiyo ndiyo ikawa salamu yangu. Wazee wenye umri wa babu yangu walisimama mbele yangu bila shikamoo, nami niliyefundishwa shikamoo kabla ya Baba Yetu.

Niseme ukweli wote: nilikuwa nimeanza kuuonea fahari uchovu wangu. Sista aliniambia mara mbili nipumzike mchana, nikakataa. Wauguzi walisema, "Frateri huyu ni chuma," nami nikapenda kuwa chuma.

Tarehe 23, karibu saa mbili usiku, akaja mzee mmoja. Mikono yake niliiona kwanza, na chupa ya chai aliyoiweka juu ya kaunta. Mke wake alikuwa ameletwa jana yake akiwa amepigwa na kiharusi. Mzee alikuwa amepanda nyumbani kutafuta fedha na uji. Nikauliza namba ya faili, akanipa kikaratasi, nikaingiza namba.

Nikasema, "Hili limeshafungwa tangu saa kumi. Nenda mochwari, bili utaikuta huko."

Hakuondoka. Baada ya muda akauliza kwa heshima sana, "Sasa chupa hii, naruhusiwa kuingia nayo wodini?"

Hakuwa ameelewa. Na angeelewaje? Kwa lugha yetu mtu ni *amefariki*, faili ni *limefungwa*, na mimi nilikuwa nimemzungumzia mke wake kwa ngeli ya mafaili. Ikanibidi niinue kichwa na kusema tena, safari hii nikimtazama. Aliivuta ile chupa karibu na kifua chake. Sista wa zamu alitoka, akamshika mkono, akamketisha. Foleni nyuma yake ilikuwa imenyamaza yote.

Usiku ule sikulala, nikawa najitetea. Muhula uliopita tulisoma maadili ya Aristotle, pale anapotofautisha tendo linalofanyika kwa sababu ya kutojua na tendo linalofanyika katika hali ya kutojua. Mfano wake ni mlevi: hajui anachokifanya, lakini kulewa alikutaka mwenyewe, kwa hiyo hasameheki kirahisi. Karani mwenye usingizi hakumtaja. Nilitamani sana tuwe tofauti, mimi na mlevi yule. Kisha nikakumbuka mara mbili ambazo Sista aliniambia nikapumzike.

Nikamkumbuka pia Gabriel Marcel, Mfaransa tuliyemsoma haraka haraka mwisho wa muhula. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza afya yake haikumruhusu kuwa askari, akafanya kazi Msalaba Mwekundu kutafuta habari za wanajeshi waliopotea. Naye alikuwa mtu wa kadi na majina, na mbele yake walikuja mama na wake wa watu hao. Katika maandishi yake ya baadaye ametofautisha sana *yeye*, mtu anayezungumziwa, na *wewe*, mtu anayesemeshwa. Darasani niliona ni jambo la sarufi tu. Nilipata alama nzuri katika swali hilo.

Asubuhi nilimwendea Sista nikiwa nimeandaa maneno ya toba. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kuanzia leo saa nane unatoka. Si ombi." Nikatoka saa nane. Fomu zilirundikana, na baadhi zilichelewa.

Mzee alirudi tarehe 27 na ndugu zake kuuchukua mwili. Alikuja dirishani kwangu kumalizia malipo. Nilisimama, nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba radhi kwa yale ya siku ile. Akatikisa kichwa kidogo. Sikujua ndiyo au hapana, na sikuthubutu kuuliza.

Nikamwandikia risiti. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akairudisha. "Umeandika majina mawili. Yeye ana matatu."

Risiti haichanwi. Unaandika *imefutwa* juu yake na juu ya nakala zake, zinabaki kitabuni, na mhasibu atakuuliza. Nikaifuta. Nikaandika nyingine huku akinitajia, jina la ubatizo, la baba yake, la ukoo. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na kufunga kifungo.

Nyuma yake alisimama mama mwenye mtoto wa kiume aliyekuwa tayari ameanza kulia.