Magari Mawili, Bodi Moja



Wapendwa Taifa la Mungu, tafakari ya juma hili inaanzia mahali ambapo tafakari za mapadre hazina mazoea ya kuanzia, yaani kwenye tangi la mafuta la gari. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa sababu ndani yake limo kosa letu wenyewe, na kosa la mchungaji likifichwa huzaa makosa mengine kundini.

Hapa Dunda tunao vijana wawili wa VIWAWA, marafiki tangu darasa la Komunyo ya Kwanza. Kila mmoja alijinyima kwa miaka kadhaa, kisha akaagiza kutoka Japani gari aina ya Toyota Altezza. Kwa wasiolifahamu, hilo ni gari la mwendo kasi, dogo na la chini chini, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na ambalo katika nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ni gari la zamani sasa, lakini machoni pa vijana wa pwani heshima yake haijapungua. Magari yao yote mawili ni ya rangi ya fedha. Yakiegeshwa mbele ya kanisa, hata mama zao huyachanganya.

Dominika moja baada ya Misa ya pili tuliwakuta wamezungukwa na wanakwaya, wakibishana juu ya petroli. Wa kwanza alikuwa ametoka Mombasa kwenye harusi, na huko alijaza Shell V-Power, petroli iuzwayo kwa bei ya juu kuliko ile ya kawaida. Aliapa kwamba kutoka Lunga Lunga hadi Segera gari lilipaa. Tangu siku hiyo, kwa kuwa katika sheli zetu nyingi pampu ya petroli ni ya aina moja tu, alikuwa akinunua vichupa vya dawa ya kuongeza oktani na kumimina katika tangi. Wa pili naye alikuwa akimimina kichupa hicho hicho, ila yeye hakuwa na majigambo. Alisema tu kwamba fundi wake ndiye aliyemwelekeza.

"Baba Paroko, tuamulie," wakasema. "Hii si kutupa fedha?"

Nasi bila kuuliza lolote tukajibu: "Wanangu, petroli ni petroli. Anayelipa zaidi ananunua majivuno." Watu wakacheka sana. Kicheko kile kilitupendeza mno, hata Dominika iliyofuata tukakitia neno hilo katika mahubiri juu ya fadhila ya kiasi.

Yule wa kwanza alicheka pamoja na wengine, akaendelea na vichupa vyake. Yule wa pili alitutii. Aliacha dawa, na kwa kuwa tulikuwa tumemwaminisha kwamba petroli zote ni moja, akaanza kununua pia ile ya kwenye vidumu na chupa za kando ya barabara, ambako hupunguziwa bei. Baada ya majuma machache, akiwa katika barabara ya kwenda Msata kumpeleka mama yake na wanakwaya watatu msibani, injini ilizimika na haikuwaka tena. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini pistoni mbili zilikuwa zimevunjika, na fedha ya kununua injini nyingine ilipatikana mahali pamoja tu, katika akiba yake ya harusi. Alikuja ofisini na mchumba wake kutuomba tusogeze mbele matangazo ya ndoa. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Kesho yake tulikwenda gereji. Fundi ni mzee wa Kiislamu anayeheshimika hapa mjini. Tulimwamkia, tukamweleza yaliyotokea, naye akatuonea huruma. Rafiki wa kijana yule alikuwapo pia na gari lake, basi mzee akafungua boneti zote mbili.

"Padri," akasema, "wewe ulitazama bodi. Sisi mafundi hutazama injini."

Kumbe ndani ya umbo lile lile zimo injini mbili tofauti. Gari la kijana wa kwanza ni AS200, lenye silinda 6 na nguvu za farasi 160. La pili ni RS200, lenye silinda 4 tu, lakini likiwa na gia za mkono hutoa nguvu za farasi 210. Ile ya kwanza hubana mchanganyiko wa hewa na petroli takriban mara 10 kabla ya kuuwasha, nayo iliundwa kwa petroli ya kawaida. Ile ya pili hubana zaidi, takriban mara 11, nayo iliundwa kwa petroli ya daraja la juu. Huko Japani yalikotoka, petroli ya kawaida hutakiwa kuwa na oktani isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Kijana wa kwanza alikuwa akinunua kitu ambacho injini yake haikukihitaji. Wa pili alikuwa akinunua kitu ambacho injini yake ilikidai. Hukumu yetu ilimfaa mmoja, ambaye hakuifuata, na ikamwangamiza mwingine, ambaye aliifuata.

Tulimuuliza mzee: je, petroli ya daraja la juu ina nguvu zaidi? Akatikisa kichwa. Namba ya oktani haipimi nguvu iliyomo katika petroli. Hupima uwezo wa petroli kustahimili mbano bila kulipuka kabla ya wakati wake. Katika silinda, pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko ule. Kadiri unavyobanwa, ndivyo unavyopata joto. Petroli iliyo njema husubiri cheche ya plagi, kisha huwaka kwa utaratibu na kuisukuma pistoni chini. Petroli isiyostahimili, sehemu yake hulipuka yenyewe kwa ghafla, na mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo. Ndipo mafundi husema, "injini inagonga". Wataalamu wa karne iliyopita waliweka kipimo chao kati ya vimiminika viwili: heptani, isiyostahimili, wakaipa 0, na iso-oktani, inayostahimili sana, wakaipa 100.

Tulirudi nyumbani tukiwa na neno hilo moja: kustahimili. Likatukumbusha darasa la seminari. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoeleza fadhila ya nguvu, hafundishi kwamba tendo lake kuu ni kushambulia. Anafundisha kwamba tendo lake kuu ni kustahimili, yaani kubaki imara katika jema wakati hatari inapokubana, na uvumilivu anauweka miongoni mwa sehemu za fadhila hiyo. Tulikuwa tumelisoma hilo, tukafanya mtihani, tukafaulu. Hatukulielewa mpaka tulipoinamia injini iliyokufa.

Na sisi wa Bagamoyo tuna kielelezo chake nyumbani. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake, wakiwamo Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500, wakaufikisha hapa misheni mwezi Februari 1874. Njiani walikutana na maradhi, vitisho na ushauri wa kuuzika kichakani. Hawakuwa na haraka wala makelele, nao walifika. Hiyo ndiyo nguvu.

Mzee alituonyesha jambo la pili. Ubavuni mwa injini kuna kifaa kidogo, sensa, ambacho kazi yake ni kusikiliza. Kikisikia injini inagonga, kompyuta ya gari huchelewesha cheche, na gari hupoteza nguvu kidogo ili lisijiharibu. Ni sikio, tena sikio lenye rehema. Lakini lina mipaka. Mafuta yakiwa mabaya kupita kiasi, nalo hushindwa. Kijana wetu alituambia kwamba kwa siku nyingi alisikia mlio wa ngo-ngo-ngo kila alipopanda mlima, na kwa kuwa Baba Paroko alikwisha kusema petroli ni petroli, aliongeza sauti ya redio. Wapendwa, dhamiri nayo hugonga kwanza taratibu. Wangapi miongoni mwetu wameongeza sauti ya redio? Na, jambo la kutisha zaidi, wangapi wamefanya hivyo kwa kutegemea neno la mtu aliyevaa stola?

Petroli ile ya kwenye vidumu pengine ilichanganywa na mafuta ya taa, ambayo huishusha oktani. Udanganyifu huu si mgeni nchini mwetu. Ndiyo maana EWURA ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kuyatambua yaliyochakachuliwa, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Anayechanganya hujiambia kwamba ni kidogo tu, na kwamba tajiri mwenye gari hatakosa cha kula. Hajui kwamba amekula harusi ya kijana wa watu. Amri ya saba inamhusu hata mwenye kidumu kimoja.

Kuna pia uvumilivu ulio wa sumu, nao tuuogope. Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi kikiongezwa katika petroli huzuia injini kugonga. Njia ilikuwa rahisi, dunia ikaishika. Lakini risasi ile ilitoka katika moshi ikaingia katika damu za watoto na kudhuru akili zao. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Miaka mia moja dunia ilinunua utulivu wa injini kwa gharama ya watoto. Wako nasi watu wanaovumilia namna hiyo: mama anayenyamazia kipigo ili nyumba isigonge, familia inayoficha dhuluma ili jina lake lisichafuke. Nje gari linakwenda kimya, ndani watoto wanavuta sumu. Uvumilivu wa namna hiyo Kanisa haliuiti fadhila. Mwenye mzigo huo aje azungumze nasi, au na mama wa WAWATA anayemwamini.

Basi, ndugu wapendwa, tunajifunza nini? Bwana wetu alisimulia habari za wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na kwa mtazamaji wa nje walifanana. Tofauti yao ilikuwa katika mafuta, nayo ilionekana usiku wa manane. Wazazi, msiwape watoto wenu wawili shauri moja kwa sababu tu wamezaliwa tumbo moja. Yuko anayeyahitaji maneno makali, na yuko atakayevunjwa nayo. Wenyeviti wa Jumuiya, kabla hamjasema kwamba fulani anajidai au fulani anadeka, fungueni boneti: ulizeni habari zake. Na sisi mapadre, tunaoketi katika kiti cha Kitubio, tujihadhari na jibu moja la haraka linalochekesha watu.

Kuhusu petroli yenyewe, swali tuliloulizwa sasa tunalijibu kama ilivyopasa. Soma kitabu cha gari lako, au kibandiko kilichomo ndani ya kifuniko cha tangi, au mwulize fundi mwaminifu. Gari likidai daraja la juu, usilinyime. Lisipolidai, fedha unayoongeza haikuletei chochote. Na gari lolote lile, nunua mafuta yake katika kituo halali.

Dominika iliyopita, kwa kuwa mzaha wetu ulitolewa hadharani, tuliomba radhi hadharani. Kijana alisimama nyuma ya kanisa pamoja na mchumba wake, ameinamisha kichwa. Baada ya Misa alituambia, "Baba, yamekwisha." Hayajaisha, maana injini bado haijafika na ndoa imesogezwa mpaka baada ya Pasaka. Sehemu ya gharama tumeahidi kuibeba sisi wenyewe, kutoka mfukoni mwetu wala si katika sadaka zenu. Kwa sasa rafiki yake humpitia kila asubuhi kwa Altezza lake, wakaenda kazini pamoja. Tumeambiwa kwamba vile vichupa ameviacha.

Tumwombe Mungu atujalie fadhila ya nguvu, ile inayostahimili bila kulipuka na bila sumu, na sikio la kusikia pale moyo unapogonga.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu