Mashine Inayouma

Katika nchi yetu ya Lualaba ya juu, kiangazi chaanza mwezi wa Mei na kuendelea hata Septemba. Mji wa Kolwezi umesimama zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo hewa hukauka mno, midomo ikapasuka na vumbi jekundu likatanda barabarani. Ndiyo miezi ambayo vijana tunaowafundisha useremala hutuletea shtaka lao: «Mwalimu, mashine inauma.»

Hawasemi msumeno. Wasema ile mashine inayofyonza unga wa mbao kwa bomba la plastiki na kuutupa mfukoni. Kijana akilishika bomba, au akigusa chuma kilicho karibu, cheche huruka na kumchoma kidole.

Yafaa tujue asili yake. Vitu viwili visivyo vya namna moja vikisuguana, kimoja humwachia mwenzake umeme kidogo. Unga wa mbao upitao mbio hulisugua bomba bila kukoma. Plastiki haipitishi umeme; basi umeme huo hukusanyika kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa. Wakati wa mvua, unyevu wa hewa hulivika bomba utando mwembamba wa maji, nao umeme huponyoka polepole. Wakati wa kiangazi hauna njia, hungoja mkono wa mtu.

Je, waweza kuua? Mtu huanza kuusikia umeme wa namna hii ukifika kama volti 3,000, na nyumbani twatumia 220 tu. Lakini wingi wake ni mdogo sana. Ni kama tone moja la maji lililoanguka kutoka mti mrefu: lapiga, lakini halizamishi mtu. Hatari iko katika kushtuka, kwa maana mkono unaoruka karibu na meno ya msumeno hauchagui pa kuangukia.

Tumeona watu wakijiponya kwa njia mbili, na zote mbili ni mbaya. Wengine huizima mashine ya vumbi, wakaendelea kupasua mbao bila hiyo. Hao wamekimbia siafu wakaingia pangoni mwa chui. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limehesabu vumbi la mbao kati ya vitu viletavyo saratani, hasa ya pua. Cheche huuma leo ikasahauliwa kesho. Vumbi hukaa kimya miaka mingi.

Wengine, hasa mafundi wazee, huwaambia vijana: «Zoeeni tu.» Shauri hili latutia hofu kuliko lile la kwanza. Iko siku waya wa ndani wa mashine utachubuka, na umeme wa nyumba utapita katika chuma chake. Huo ndio uuao. Kijana aliyezoea kuumwa atautambuaje? Atasema, «Ni ile ya kila siku.»

Kwa hiyo alama hizi zifundishwe. Umeme wa msuguano hupiga mara moja ukaisha, na hupungua wakati wa mvua. Ukisikia mtetemo usiokoma, au mkono kushikwa, au mashine ikiuma bomba likiwa halipitishi kitu, usiiguse tena. Kata umeme kwenye swichi kuu, ukamwite fundi wa umeme.

Na dawa ya cheche ni nini? Ni shaba, mali ya ardhi hii hii. Chukua waya wa shaba usio na ganda, uuzungushe juu ya bomba toka mwanzo hata mwisho. Ncha moja uifunge kwenye chuma cha msumeno, ya pili kwenye chuma cha mashine ya vumbi, ukikwangua rangi kwanza, maana rangi huziba njia. Bomba likiwa na waya wake wa ndani, toa ncha zake uzifunge vivyo hivyo. Mwisho, hakikisha mashine zenyewe zina waya wa kushukia ardhini. Ule mguu wa tatu wa plagi usikatwe kamwe. Bila ardhi, waya wote huo ni pambo tu.

Plastiki yenyewe haitakuwa shaba, na cheche ndogo huenda zikabaki. Ila zitapungua sana. Anayeweza kununua mabomba ya chuma na ayanunue, mradi kila kiungo kigusane chuma kwa chuma.

Malori ya shaba hupita Kolwezi kila siku yakielekea nchi za mbali. Ninyi wazazi mliowapeleka wana wenu kujifunza kazi, ingieni karakanani mwulize kama mita chache zimebaki kwa ajili yao. Mkijibiwa kwamba vijana wamekwisha kuzoea, msiondoke.