Hereni za Mama

Jumatatu, 12 Mei
Masika hayajakata. Nimezitoa picha zangu mpya na kuziegemeza ukutani barazani kwa shangazi, hapa Sinza, zipate hewa: abiria wa pantoni wakisukumana kushuka Kigamboni, mama lishe akipepea jiko, na ile ya kioo cha mwendokasi kilichojaa matone. Kiangazi akriliki hukauka kabla hujaosha brashi. Juma hili hata rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa inanata kidoleni mpaka jioni.

Wapita njia wanasimama. Fundi pikipiki kaipenda ya pantoni, akauliza bei, nikaitaja, akacheka kwa adabu na kwenda zake. Mama anayeuza vitenge mtaa wa pili hakuuliza bei. Aliuliza kama naweza kumchora mtu aliyekwisha kufariki.

Jumanne, 13 Mei
Amekuja na picha ya marehemu mama yake. Ni nakala ya kitambulisho cha kura iliyopigwa tena kwa simu: pua haina kivuli, macho ni madoa mawili, paji la uso limeliwa na mwanga. Tumepatana laki moja na nusu, sentimita 60 kwa 50, nusu leo na nusu siku ya kuchukua. Hiyo nusu ya mwanzo siisamehe hata kwa ndugu. Bila hiyo, fremu na kitambaa hununuliwa kwa nauli yangu ya chuo.

Nikamwomba aketi kidogo nimchore yeye mwenyewe kwa penseli.

"Mimi wa nini tena, mwanangu?"

"Taya la mama yako limo usoni mwako, mama."

Akakaa, lakini kunyamaza hakunyamaza, na afadhali. Anapoongea, mdomo wake huvutwa kidogo upande wa kushoto, jambo ambalo kitambulisho kisingeniambia kamwe. Alipofika mlangoni akageuka: "Usimfanye mweusi sana."

Ijumaa, 16 Mei
Nimeshinda na ngozi. Kahawia ya tyubu ikichanganywa na nyeusi huua uso, unabaki bila joto wala damu. Mimi naanza na siena, ule udongo wenye chuma ambao ukichomwa hugeuka mwekundu, nautia bluu ya ultramarini. Bluu ikizidi napata kivuli kizito bila nyeusi ya dukani. Udongo ukizidi napata shavu. Kisha inabaki kazi ya kutazama. Mtu mweusi akiketi karibu na dirisha, paji lake hubeba rangi ya mbingu, hasa siku kama hizi za mawingu, na akijifunga kitenge cha njano, njano hiyo hupanda mpaka chini ya kidevu. Ngozi nyeupe nayo hupokea rangi, lakini haing'ai hivi.

Nadhani mama wa vitenge hauogopi weusi. Anaogopa weusi wa kitambulisho, ule uliozimika. Basi nitamwongezea mwanga. Weupe, hapana.

Jumapili, 18 Mei
Mwenzangu wa bwenini anataka nimchoree chui wa Tingatinga ampelekee mjomba wake Ulaya. Nimempeleka Oysterbay, wachoraji wenyewe wapo, akachague.

Chuoni wapo wanaokunja pua wakiisikia Tingatinga: picha za watalii, wanasema. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora karibu na 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, maana ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Akauza pale pale Oysterbay, Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Ndugu na vijana aliowafundisha wakaendelea. Mnunuzi alikuwepo tangu mwanzo, wala hakumzuia kubuni. Wanaokunja pua hulipa kodi ya chumba kwa pesa gani, sijui. Labda za baba.

Jumanne, 20 Mei
Umeme umekatika saa moja jioni. Kwa tochi ya simu sichori. Rangi hazionekani sawasawa. Nimeosha brashi, nimelala.

Jumamosi, 24 Mei
Mama wa vitenge kaja kuona. Akasogea, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa. "Mdomo ndio wenyewe." Kuhusu weusi hakusema neno, nami sikumkumbusha. Kisha:

"Sasa mvalishe hereni. Za dhahabu."

"Alikuwa nazo?"

"Alizitaka."

Kwenye kitambulisho masikio yamefunikwa na mtandio, kwa hiyo itanibidi niufungue, nibuni na sikio. La bintiye nimelitazama vizuri kabla hajaondoka. Dhahabu ya tyubu siitumii, hung'aa kama karatasi ya biskuti. Manjano ya udongo, kahawia upande wa kivuli, na nukta ya nyeupe mahali mwanga unapogonga. Jicho la mtazamaji litamaliza lenyewe.

Jumatatu, 26 Mei
Kachukua, kalipa salio kwa simu mbele yangu, na doti ya kitenge juu. Nilikuwa bado nazipangia zile pesa matumizi, simu ikaita. Ni mdogo wake, yuko Tanga, ametumiwa picha.

"Dada, na mimi nataka ya kwangu. Ila hizo hereni toa. Mama hakuwa mtu wa dhahabu, huyo dada yetu anamsingizia tu."

Nimemwambia inawezekana, atangulize nusu.