Mikeka ya Wageni na Mkeka wa Kijana Wetu

Wiki ile ya Idd el-Adh'ha ya mwaka 2021, nyumba yetu ya Ujiji haikupata utulivu. Nyama ya udh'hiya ilikuwa haijamalizika kugawiwa, na tayari mazungumzo ya mji yalikuwa ni mamoja: Jumapili ya tarehe 25 Julai, Simba na Yanga zingekutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho, hapa hapa kwetu Kigoma, katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Watani hao tuliozoea kuwasikia redioni, sasa tungewaona kwa macho.

Mjomba wa watoto alitupigia simu kutoka Tabora. Angekuja kwa treni pamoja na mkewe na vijana watano, kwani kila nyumba ya wageni aliyoiuliza ilikuwa imekwisha jaa. Tulimwambia kuwa mgeni ni baraka, naye aje. Kisha tukaketi kuhesabu. Chumba cha uani tuliwatengea wanawake. Wanaume wangelala sebuleni na barazani. Magodoro ya ziada yalikuwa mawili tu, hivyo tuliazima mikeka sita kwa majirani. Mchele ulikuwepo, mawese yalikuwepo, na migebuka mikavu ilikuwa imekwisha ning'inizwa jikoni. Kwa kuwa mjomba ni Yanga na sisi ni Simba, tuliwekeana masharti mapema: kusiwe na utani mbele ya chakula, na kila aendaye uwanjani atoke na udhu wake na mswala wake, ili Alasiri isimkute akihangaika kutafuta maji.

Kijana wetu mkubwa, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alipewa kazi ambayo sisi tuliiona ni heshima. Vijana wenzake wa mtaani walimkabidhi fedha zao za tiketi na za gari la kukodi. Walimchagua kwa sababu ni mtoto wa madrasa, hasemi uongo.

Alhamisi, wakati wa kufua, karatasi ndogo ilitoka katika mfuko wa suruali yake. Tulipouliza ni kitu gani, mdogo wake wa miaka tisa akadakia bila kuwaza: "Huo ni mkeka."

Sisi mkeka tunaoujua ni ule wa kulalia, wa kulia chakula na wa kusalia. Siku ile tulijifunza kuwa vijana wameliazima jina hilo kwa karatasi ya kamari ya mpira, na kwamba mtoto wa miaka tisa alilijua kabla yetu. Kijana hakukana. Alikuwa ameiwekea Simba shilingi elfu arobaini, na fedha hizo hazikuwa zake. Alikusudia, alisema, kuzirudisha zikiwa zimezaa, na pengine kutununulia hata godoro.

Usiku ule, baada ya Isha, tulihitilafiana. Mmoja wetu aliona jambo lisitiriwe mpaka wageni waondoke, kwani aibu ya mtoto ni aibu ya nyumba. Mwingine aliuliza: tutawezaje kutandika mikeka ya ukarimu sebuleni ilhali amana za watoto wa watu zimeliwa chumbani? Suuratul Maida, aya ya 90, imeiweka kamari pamoja na ulevi, na Suuratun Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Hazikusema zirudishwe baada ya wageni kuondoka. Hapo ndipo tulipokubaliana.

Elfu arobaini tuliitoa katika fedha ya matumizi, ikawa ni deni juu yake. Ijumaa baada ya sala, yeye mwenyewe aliwakusanya wenzake, akawaeleza alichokifanya, akawakabidhi fedha zao kamili. Baba yake alisimama mbali kidogo, hakumsemea. Wawili kati yao walimtolea maneno makali, wengine wakanyamaza. Tulirudi nyumbani bila kuzungumza.

Lilibaki deni. Mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi wa dagaa walikuwa wamepumzika, na kazi ya kupakua mizigo mwaloni ilikuwa haba. Lakini mji ulijaa wageni. Aliazima mkokoteni, akaenda stesheni kubeba mizigo ya wasafiri. Mizigo ya kwanza ya Jumamosi ilikuwa ya mjomba wake. Mjomba alimtazama, akatutazama, wala hakuuliza. Tiketi yake ya uwanjani alimpa binamu yake.

Usiku wa kuamkia fainali, mikeka yote ilipokuwa imetandikwa, alikuja mbele yetu na ile karatasi. Tulikuwa hatujamwagiza lolote juu yake. Aliichana vipande vidogo, akavitia katika jiko la mkaa, akaenda kulala.

Kesho yake Simba ilishinda bao moja kwa bila, bao la Taddeo Lwanga. Mtaa wetu ulilipuka kwa shangwe. Kijana wetu alisikiliza redioni akiwa stesheni na mkokoteni wake. Karatasi aliyoichoma ingemlipa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliporudi Magharibi, alituhesabia elfu nane ya siku ile, akaomba chakula. Hatukumuuliza kama alijuta. Tulimpakulia migebuka, naye mjomba, pamoja na huzuni yake ya Yanga, alisogea mkekani kumpisha akae karibu naye.

Deni lilimalizika katika mwezi wa Muharram. Wazazi wenzetu, tunapohesabu magodoro na mchele kwa ajili ya siku kubwa za mpira, tuwaulize pia watoto wetu neno mkeka kwao lina maana gani. Sisi tulichelewa kuuliza.