Kaboni Haina Bei

Juma lililopita, baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama chipu za kesho zitatengenezwa kwa kaboni, si sisi wenye gesi na grafiti ndio tutakaotajirika?" Wenzake wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kidogo, kwa kuwa nilipokuwa na umri wake niliamini hivyohivyo kuhusu dhahabu.

Nilimjibu kwa historia. Mwaka 1991, Sumio Iijima wa maabara ya NEC, Japani, alichunguza kwa hadubini ya elektroni mabaki ya grafiti iliyovukizwa kwa umeme, akaona ndani yake mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache tu. Kufikia 1998 watafiti wa Delft, Uholanzi, na wa IBM walikwisha kuitengenezea transista. Ilitarajiwa kuwa siku moja ingeishinda silikoni kwa kasi na kwa kutumia umeme mdogo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mirija inapokuzwa, takriban theluthi moja huwa na tabia ya metali: hupitisha umeme wakati wote, na transista isiyozimika ni waya tu. Mingine husongamana kama nywele zisizochanwa. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Stanford kilionyesha kompyuta ya transista 178. Mwaka 2019, MIT wakaonyesha kichakataji cha biti 16 chenye transista zaidi ya 14,000. Hawakusubiri mirija iliyo safi kabisa, bali walibuni sakiti zinazoivumilia michache iliyo mibaya (werevu ulioje!). Hata hivyo, chipu ya simu iliyo mfukoni mwako ina mabilioni ya transista.

Kaboni yenyewe ni ya kila mtu. Methani, gesi ileile ya Mtwara, yaweza kuikuzia mirija hiyo, lakini methani ya nchi nyingine yoyote yaweza pia. Kilicho adimu ni watu waliovumilia kwa miaka 28.

"Na miaka hiyo yote, nani alikuwa akiwalipa?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kazi ya 2019, kwa mfano, ilifadhiliwa na DARPA, taasisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Sikumwambia kwamba mwaka jana niliketi katika kamati iliyomnyima mkemia mmoja fedha za utafiti, kwa sababu hakuweza kuahidi matokeo ndani ya miaka miwili. Nami niliinua mkono.